Hatari! tuiachie mandhari yake
Mwandishi, umesema filamu bora kuwahi kupigwa huku kwetu Arusha ni Hatari! ya mwaka 1962. Hapana, ndugu yangu. Mandhari sawa: Meru, Momella, twiga wanatimua mbio, na ule muziki wa mtoto wa tembo wa Henry Mancini mpaka leo naupigia mluzi nikiosha gari. Ila itazame tena. John Wayne na wenzake wanakamata wanyama wa kupeleka bustani za wanyama, wenyeji wako nyuma tu. Hardy Krüger, mmoja wa waigizaji wenzake, alipapenda akanunua shamba hukohuko. Simlaumu, hata mimi ningenunua.

Kwangu mimi ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021, japo haikupigwa huku. Riwaya yenyewe, ya Shafi Adam Shafi, tuliisoma shuleni kwa kulazimishwa, nikaja kuipenda baadaye, kwa hiyo nilienda kuangalia nikiwa nimenuna, nikijua wataiharibu. Hawakuiharibu! Yasmin, mhusika mkuu, anaongea kwa macho kuliko mdomo. Inakwenda polepole, kweli, shemeji yangu alisinzia. Lakini huyo bila muvi iliyotafsiriwa ya kibanda umiza (banda la video) cha Ngarenaro haangalii kitu.