Aliyeleta Sumu kwa Mkopo Aondoe na Vidumu Vyake

Madhara ya tumbaku yanapozungumzwa redioni au katika mikutano ya afya, mgonjwa anayetajwa karibu siku zote ni mvutaji: mapafu yake, moyo wake, koo lake. Sina ubishi na hilo. Ninachokilalamikia ni kwamba mtu wa kwanza kukutana na sumu za zao hili si mvutaji wa mjini wala wa ng'ambo, bali ni mkulima wa Urambo, Kaliua, Sikonge au Uyui, huku kwetu mkoani Tabora, Tanzania, pamoja na mkewe na watoto wake, nao hukutana nazo miezi mingi kabla jani halijafika kiwandani. Viuatilifu vya tumbaku havimfikii mkulima huyo kwa bahati. Humfikia kwa mkopo, kwa mkataba, na kwa lori la mtu anayefahamika jina na ofisi. Kwa hiyo naona mkataba huohuo ndio unaopaswa kumfunga aliyevileta amkinge mpuliziaji na aondoe vyombo vitupu, badala ya jukumu lote kuachiwa kaya ya kijijini kwa kisingizio kwamba ilishapewa elimu.

Nianze na sumu ambayo hailetwi na lori, kwa kuwa imo ndani ya jani lenyewe. Jani bichi la tumbaku likilowa umande au mvua, nikotini huyeyuka katika maji hayo na kupenya katika ngozi ya mchumaji. Saa chache baadaye mtu huanza kusikia kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya kichwa. Wengine hutapika na mwili ukalegea kabisa, hadi hali itulie baada ya siku moja au mbili. Madaktari wa Marekani waliueleza ugonjwa huu kwa wavunaji wa tumbaku tangu mwaka 1970, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba ni jambo jipya.

Sasa tazama kalenda yetu. Mvua za Tabora huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili, na uchumaji huangukia humohumo. Mchumaji huingia shambani asubuhi na mapema, majani yakiwa bado mabichi kwa umande, ili mchana ubaki kwa kuyafunga kwenye vijiti na kuyapanga bani, yaani kwenye banda la kukaushia. Na majani hayo huyabeba kwapani, yakiwa yameshikana na shati lililolowa. Msimu huohuo ndio msimu wa mbu. Mama anayefika zahanati akitapika na kulalamika kichwa atapimwa malaria, na kipimo kikionyesha hana vimelea, atapewa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani, maana hakuna anayemwuliza jana alikuwa akichuma nini. Simlaumu mhudumu wa zahanati, ambaye ana foleni ndefu na hajawahi kupewa fomu yenye swali hilo. Lakini maradhi yasiyoandikwa katika daftari la zahanati hayafiki wilayani, na yasipofika wilayani hayatengewi hata senti.

Kuna jambo jingine ambalo huwashangaza wengi. Anayevuta sigara huvumilia nikotini ya shambani kuliko asiyevuta, kwa sababu mwili wake umeizoea. Maana yake ni kwamba wanaoumia zaidi ni wale ambao hawajawahi kugusa sigara maishani mwao, na katika vijiji vyetu hao ni wanawake na watoto. Mtoto naye yumo katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa eneo la ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, hivyo dozi inayomwingia kwa kila kilo ya mwili ni kubwa kuliko ya baba yake.

Kinga ya hili inajulikana na haina miujiza: glavu, aproni au koti lisilopitisha maji, kubadili nguo zilizolowa, kuoga kwa sabuni mara baada ya kazi, na ikiwezekana kungoja jani likauke ndipo lichumwe. Koti la plastiki katika joto la Sikonge ni adhabu, nalikubali hilo. Hata hivyo sioni kwa nini mkopo ulete mbolea, mbegu na viuatilifu, kisha glavu ionekane kuwa anasa ambayo mkulima aitafute mwenyewe sokoni.

Baada ya nikotini kuna viuatilifu vyenyewe. Baadhi yake ni vya kundi la oganofosifeti, ambalo huzuia kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva baada ya kazi yake kwisha. Kimeng'enya kikizuiwa, tezi na misuli hukosa amri ya kuacha: jasho, mate na machozi hutiririka, tumbo huharisha, mboni za macho husinyaa, na hatimaye kupumua huwa kwa taabu. Tiba yake ni atropini, na inatakiwa upesi, si baada ya safari ya nusu siku kwa bodaboda. Wapuliziaji wengi huamini kwamba hatari iko puani, hivyo hufunga kitambaa mdomoni na kuona wamejikinga, ilhali sehemu kubwa ya sumu humwingia mtu shambani kupitia ngozi: mgongo uliolowa kwa bomba la kupulizia linalovuja, viganja vilivyochanganya dawa bila glavu, miguu iliyopita peku katikati ya mistari iliyotoka kupuliziwa.

Kinachoniudhi zaidi katika habari hii yote ni kwamba sekta ya tumbaku duniani ina viwango vyake vya mabaki ya viuatilifu katika jani kavu, na jani linaweza kukataliwa likizidi. Kipimo cha kuonyesha kiasi ambacho kimeng'enya nilichokitaja kimeshuka katika damu ya mpuliziaji nacho kipo, wala si kipya. Lakini sijawahi kusikia mkulima jirani yangu akisema alipimwa damu mwisho wa msimu. Jani limepewa ulinzi ambao mtu aliyelilima hakupewa.

Msimu ukiisha hubaki vyombo. Kidumu cha plastiki chenye kifuniko kizuri kina thamani kijijini, na anayemlaumu mwananchi kwa kukitumia hajui bei ya ndoo. Kitawekewa mafuta ya taa, kisha maziwa, kisha maji ya kunywa ya shambani, au asali. Tatizo ni kwamba plastiki hunyonya sehemu ya sumu, na kusuuza hakuiondoi yote. Kusuuza mara tatu, na maji ya kusuuzia kurudishwa katika bomba, ni hatua sahihi ya kuandaa chombo kitobolewe na kupelekwa kuharibiwa. Hakuna kiwango kinachosema kwamba chombo hicho sasa kinafaa kwa maziwa. Kukichoma nyuma ya nyumba kunatoa moshi wenye sumu, na kukizika karibu na kisima kifupi ni kuihamishia sumu katika maji. Nayo maji yetu hayakai hapahapa. Mto Ugalla unapokea mifereji ya nchi ya tumbaku, unaingia Malagarasi, na Malagarasi inamwaga katika Ziwa Tanganyika, ambalo lina kina cha mita zipatazo 1,470 na hubadilisha maji yake kwa karne nyingi. Ndugu zetu wa Kigoma wanaovua migebuka na dagaa wana kila sababu ya kuuliza tunafanya nini na vidumu vyetu.

Nyuki nao wamo. Tabora ni mkoa wa asali tangu enzi za mababu, na chuo cha ufugaji nyuki cha nchi hii kiko hapa. Imidaklopridi, inayotumika dhidi ya vidukari na wadudu wengine wafyonzao, hufanya kazi katika vipokezi vilevile vya neva ambavyo nikotini huvigusa, nayo ni sumu kali kwa nyuki. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2018 kupiga marufuku matumizi yake yote ya nje ya vitalunyumba, kwa sababu ya nyuki. Kwa kuwa kiuatilifu hiki husambaa ndani ya mmea mzima, mtu anayebakiza kidogo na kukipulizia mchicha wake wa bustanini asidhani kwamba kuosha majani kutakiondoa.

Hapo ndipo husimama mtu mkutanoni na kusema kwamba wakulima waelimishwe. Waelimishwe, sawa, lakini semina ya siku moja haimpi mtu glavu wala mahali pa kupeleka kidumu. Mkulima aliyefundishwa asitumie chombo kitupu wala asikichome wala asikizike anabaki amekishika mkononi, na hakuna aliyemwambia akifanyeje.

Brazili, ambayo ni miongoni mwa nchi zinazouza tumbaku nyingi zaidi nje, ilitunga sheria mwaka 2000 inayogawa kazi hii waziwazi: mkulima asuuze na arudishe, muuzaji awe na mahali pa kupokelea, mtengenezaji achukue na kuharibu au kurejeleza. Leo sehemu kubwa sana ya vyombo vya plastiki vya viuatilifu nchini humo hurudi. Sisi hatuanzii patupu. Tuna Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliyounda mamlaka ya viuatilifu, na tangu mwaka 2007 tumo katika Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ambao ibara yake ya 18 inazungumzia kulinda mazingira na afya ya watu wanaolima zao hilo.

Tena Tabora tuna kitu ambacho wakulima wa mboga hawana. Kila chupa ya kiuatilifu cha tumbaku ni deni, na deni huandikwa. AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, ina daftari linaloonyesha nani alichukua nini, ina ghala, ina karani, na mwisho wa msimu ina foleni ya wakulima waliokuja kuuza. Malori yaliyoleta pembejeo hurudi kubeba tumbaku. Kinachokosekana ni amana ndogo juu ya kila chombo, ambayo mkulima hurudishiwa siku ya soko akileta kidumu kilichosuuzwa na kutobolewa, na kifungu katika mkataba kinachomtaka msambazaji avipakie na kuvipeleka kunakoharibiwa kwa gharama yake. Glavu na aproni viingie katika mkataba huohuo, visikatwe katika malipo ya mkulima.

Najua jibu litakalotolewa: kwamba gharama hiyo itarudi kwa mkulima kwa mlango wa nyuma, kupitia bei ya pembejeo au bei ya jani. Inawezekana. Lakini gharama hiyo tayari anailipa peke yake, kwa siku anazolala akitapika katikati ya uchumaji, kwa nauli ya hospitali, kwa mzinga uliokufa, nayo haionekani katika hesabu ya mtu mwingine yeyote. Wala sisemi kesho tung'oe tumbaku. Imeezeka nyumba nyingi mabati na kulipa ada za wengi wetu, mimi nikiwemo. Nasema tu kwamba mikutano ya AMCOS ya kupitisha makisio ya pembejeo hufanyika kabla ya vitalu vya miche kuandaliwa, na huko ndiko mwanachama ana nguvu, kwa kuwa mkopo haujasainiwa. Kifungu cha vidumu kiulizwe hapo, kwa maandishi, na majibu yaingie katika muhtasari wa kikao pamoja na jina la aliyeyatoa.