Kabla ya Treni za Mjini Dodoma, Tulitazame Paa la Mchongoko

Tangu SGR, reli yetu ya kisasa ya umeme, ianze kuleta abiria Dodoma, Julai 2024, mazungumzo yetu huku yamekuwa ya ndani ya behewa: nauli, viti, kiyoyozi, tiketi zinavyogombewa mwisho wa wiki. Ni haki yetu kuyasema. Ila treni ya umeme inaishi kwa kitu kilichoko juu ya paa, na hicho sijasikia kikijadiliwa kwenye daladala wala kwenye vikao vya wakubwa. Nazungumzia pantografu, ule mkono wa chuma unaoinuka paani na kugusa waya ili kuchukua umeme wa kilovolti 25. Msimamo wangu ni huu: siku tutakaponunua treni za kuhudumia mji wenyewe, za kumtoa mtu Ihumwa au Bahi asubuhi na kumrudisha jioni, pantografu ndiyo iwe ya kwanza kubanwa kwenye mkataba, kabla ya rangi na kabla ya mwendo.

Aliyewahi kufungua grainda ataelewa haraka. Mle ndani kuna kaboni mbili zinazosugua. Zikiisha, fundi anaweka nyingine na mota inaendelea. Pantografu nayo imebeba vipande virefu vya kaboni, laini kuliko waya wa shaba, vilivyowekwa viliwe vyenyewe ili waya usiliwe. Na ule waya haujanyooka. Utazame vizuri ukiwa chini yake: unakwenda kushoto, unarudi kulia, nguzo hadi nguzo. Umevutwa hivyo makusudi, kaboni isagike kwa upana wake badala ya kuchimbwa mfereji mahali pamoja. Nguvu inayousukuma mkono huo juu ni ndogo ajabu. Kwenye njia za kilovolti 25, kipimo cha kawaida treni ikiwa imesimama ni nyutoni 70, karibu sawa na uzito wa kilo saba. Ikipungua, mguso unaachia na cheche zinaruka. Ikizidi, kaboni na waya vinasagana. Treni ya mamia ya watu inayokimbia kilomita 160 kwa saa inategemea mguso huo tu.

Umbo lake la leo si geni. Za zamani zilikuwa na mikono pande mbili, zimekaa umbo la almasi. Mwaka 1955 Mfaransa Louis Faiveley akaleta ya mkono mmoja wenye kiwiko, nyepesi, yenye viungo vichache na isiyojaza paa. Ndiyo iliyoenea duniani.

Nilikuwa stesheni ya Dodoma nikiitazama pantografu ya mchongoko, ile treni ya SGR yenye pua iliyochongoka, ikiinuka, polepole kwanza, kisha ikagusa waya, na mama mmoja mwenye mzigo wa zabibu akasimama kando yangu naye akitazama juu. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hivi umeme ukikatika huku mtaani, hii nayo inasimama?"

Nikamweleza kuwa hapana, reli ina njia yake ya msongo mkubwa na vituo vyake vya kupozea umeme, kwa hiyo transfoma ya mtaa ikiungua treni haihusiki. Gridi ya taifa ikianguka hapo ndipo kuna shida. Akatikisa kichwa, akaonyesha kidole paani. "Na hicho kikivunjika?"

Hilo ndilo swali ambalo miundo mipya inalijibu, na ndiyo sababu naandika. Ndani ya kaboni za kisasa hupitishwa mfereji mwembamba wa hewa yenye mgandamizo. Kaboni ikipasuka au ikiliwa kupita kiasi, hewa inavuja na pantografu inajishusha yenyewe kabla haijararua waya. Tokyo walikwenda mbele zaidi. Treni zao za abiria wa mjini aina ya E233, zilizoanza kazi mwaka 2006, zilifungwa pantografu ya akiba: moja ikiharibika, nyingine inainuliwa, watu wanafika. Kisha zikaja E235 mwaka 2015, na kwenye treni hizo kuna vifaa vya kukagua reli na nyaya za juu wakati treni ikiwa kazini na abiria wake ndani. Ubovu unaonekana ukiwa bado mdogo, na mafundi wanajua usiku huo waende nguzo gani. Huo ndio ubunifu ninaoutamani hapa.

Bundi naye ana habari yake kwenye mambo haya. Sisi tulimsikia mwaka 2024, ilipotolewa taarifa kwamba bundi na ngedere wamesababisha hitilafu ya umeme kwenye SGR, na watu mitandaoni wakacheka. Lakini Wajapani walimtafuta wenyewe. Treni yao ya mwendokasi, Shinkansen toleo la 500, iliyoanza mwaka 1997, ilikuwa na pantografu iliyobuniwa baada ya mhandisi Eiji Nakatsu kuchunguza manyoya ya bawa la bundi. Kingo zake zina vijimeno vinavyoukata upepo vipande vidogo, ndege asisikike akiruka. Vijimeno vya namna hiyo vikawekwa kwenye pantografu na kelele ikapungua. Hawakuanza na katalogi ya muuzaji. Walianza na shida yao: mistari ya reli inayopita katikati ya makazi.

Shida yetu sisi ni vumbi. Kuanzia Juni upepo wa Dodoma hauna huruma, na vumbi hilo linalala juu ya vikombe vya kuzuia umeme, vya nguzo na vya paa la treni, miezi yote ya kiangazi. Likiwa kavu halina neno sana. Balaa ni manyunyu ya kwanza ya Novemba au Desemba: vumbi likilowa linaanza kupitisha umeme, na kikombe kilichotakiwa kuuzuia kinaupitisha juu kwa juu. Vumbi hilohilo, likikaa kati ya kaboni na shaba, linasaga vyote viwili. Halafu kuna jua. Kilomita moja ya waya wa shaba, joto likipanda nyuzi 20, inarefuka sentimita 34 hivi. Usiku wa Julai na mchana wa Novemba kwetu si kitu kimoja, na pantografu inatakiwa iufuate waya huohuo kote kuwili.

Treni za mjini zitaongeza kazi. Kila mpito wa pantografu unaula waya kidogo, na treni za mjini hupita mara nyingi. Zinasimama kila baada ya muda mfupi, zinavuta umeme mwingi zikiondoka, na zikifunga breki zinaurudisha umeme kwenye waya kupitia mguso uleule. Anayedhani za mjini ni treni rahisi kwa sababu hazikimbii sana, hajapiga hesabu ya paa.

Kwa hiyo nataka mkataba utaje pantografu inayojishusha, ya akiba, na vipimo vya kuukagua waya kila siku. Nataka takwimu za vipimo hivyo zisomwe hapa Dodoma, zisipelekwe kwa mtengenezaji ng'ambo tukasubiri barua. Tunao vijana wa uhandisi Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), tunacho Chuo cha Reli Tabora. Wapewe hizo namba za vumbi na joto wazifanyie kazi. Na wauzaji wakija na picha zao nzuri, kamati iwaulize: kaboni hii inadumu kilomita ngapi kwenye upepo wa Agosti, stoo ya Dodoma itakuwa na ngapi za akiba, na fundi gani wa hapa mmeshamfundisha kuzipima?