Mwenzi asiyeonekana: ni malaika, au ni ubongo unaojiokoa?

Mei 1916, mvumbuzi wa Antaktika Ernest Shackleton na wenzake Frank Worsley na Tom Crean walivuka kwa miguu milima na mito ya barafu ya kisiwa cha South Georgia, kusini mwa Atlantiki. Meli yao, Endurance, ilikuwa imepondwa na barafu mwaka uliotangulia, na wenzao 22 walikuwa wamebaki kwenye kisiwa kingine, Elephant Island, wakisubiri kuokolewa. Walitembea kwa saa 36, bila hema, mahali ambapo hapakuwa na ramani, mpaka wakafika kwenye kituo cha wavuvi wa nyangumi. Baadaye Shackleton aliandika kwamba mara nyingi njiani alihisi wako wanne, si watatu. Hakumwambia mtu. Worsley ndiye aliyekuja kumweleza kuwa alihisi kuna mwingine pamoja nao, na Crean naye akakiri hivyo hivyo.

Wapo wengi waliosimulia jambo kama hili: wapanda milima, mabaharia, marubani. Lakini ushuhuda wa South Georgia ndio unaowapa nguvu zaidi wanaoamini kuwa mwenzi huyo ni kiumbe kweli, awe malaika au mlinzi aliyetumwa. Mtu mmoja aliyechoka ni rahisi kumwambia kuwa alikuwa anaota. Watatu je? Wengine hukumbuka papo hapo kisa cha Shadraka, Meshaki na Abednego, waliotupwa motoni watatu wakaonekana wanne.

Nadhani mfano huo una tofauti moja kubwa. Katika kisa kile, aliyemwona wa nne ni mfalme, naye alikuwa nje ya tanuru. South Georgia hakukuwa na mtu wa nje. Wote watatu walikuwa na njaa ileile, baridi ileile na uchovu uleule, na walisimuliana baada ya safari kwisha, mmoja akaanza wengine wakafuata. Sisemi kwamba walidanganya, hata kidogo. Nasema miili iliyobanwa kwa namna moja inaweza kuhisi jambo moja bila kuwepo mtu wa nne.

Hoja nyingine ya wanaoamini kuwa ni kiumbe kweli ni kwamba mwenzi huyu hutenda. Mwaka 1895 Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa mashua peke yake, aliugua vibaya tumbo baharini akaanguka chini ndani ya mashua yake, Spray. Alipochungulia alimwona mwanamume mrefu ameshika usukani, aliyejitambulisha kuwa ni rubani wa Pinta, mojawapo ya meli za Columbus. Kesho yake Slocum alikuta mashua imekata maili 90 usiku kucha katika bahari chafu, bila kupotea njia. Kisa kinasisimua. Ila Slocum mwenyewe alikuwa ametega matanga na kuiweka mashua kwenye mwelekeo wake kabla ya kuzidiwa, na Spray ilijulikana kwa kujiendesha. Baadaye, katika Bahari ya Hindi, ilisafiri siku 23 ambazo kwa jumla alishika usukani kama saa tatu tu.

Upande wa sayansi nao una ushahidi mzito. Mwaka 2006 timu ya Olaf Blanke huko Uswisi iliripoti kuhusu mwanamke mwenye kifafa aliyekuwa akichunguzwa kabla ya upasuaji. Walipopitisha umeme mdogo kwenye sehemu ya ubongo upande wa kushoto, juu kidogo ya sikio, alihisi mtu nyuma yake. Alipolala, mtu huyo naye alilala. Alipokaa, alikaa pia. Kilikuwa kivuli cha mwili wake mwenyewe, ila hakukitambua kuwa ni chake. Mwaka 2014 timu hiyo ilitumia roboti kwa watu wenye afya waliofunikwa macho: mtu anasukuma mkono wa mashine mbele yake, na mashine inamgusa mgongoni kwa kumuiga. Mguso ulipocheleweshwa kwa nusu sekunde tu, baadhi yao walihisi kuna mtu chumbani, na wawili wakaomba jaribio lisimamishwe.

Hapo ndipo maelezo ya maabara yanapopwaya. Wawili wale walitaka kutoka. Mwanamke yule hakufurahia kugusana na kivuli chake. Mlimani mambo ni kinyume. Mwaka 1933 Frank Smythe, akiwa peke yake Everest kwenye zaidi ya mita 8,500 bila chupa ya oksijeni, alihisi mwenzake yuko naye, na hakujihisi mpweke. Alihisi wamefungwa kamba moja, kwamba akiteleza atashikwa. Alipotoa kipande cha peremende ili ale, alikivunja, akageuka ampe mwenzake nusu yake.

Umeme kwenye ubongo unaeleza jinsi hisia ya mtu inavyozaliwa. Hauelezi kwa nini mtu huyo huja kama rafiki. Mimi naona jibu liko kwenye hali ya anayehisi: aliye salama chumbani, mtu asiyeonekana ni tishio kwake, aliye kati ya kufa na kupona anahitaji mkono wa kushika, na akili humpa mgeni huyo sura ya msaada. Siwezi kulithibitisha hilo, lakini linaniridhisha kuliko kusema ni oksijeni kidogo basi. Smythe siku hiyohiyo aliona pia vitu viwili vyeusi vikielea angani, na havikumsaidia kwa lolote. Upungufu wa hewa ulimpa mwenzi na vitu hivyo pia. Mwenzi tu ndiye aliyemtembeza.

Wote wanaobishana hapa wana tatizo moja ambalo halizungumzwi vya kutosha: tunasikia kutoka kwa waliorudi tu. Waliohisi mwenzi akawaita upande wa korongo hawakuandika kitabu. Tunajua kuwa baridi kali humvuruga mtu hadi akavua nguo zake kwenye theluji, akiamini anaungua. Akili inayoweza kukosea hivyo kuhusu joto inaweza kukosea pia kuhusu rafiki. Kwa hiyo kusema kwamba mwenzi huyu huokoa watu ni kuhesabu upande mmoja.

Na hata waliorudi wengi walinyamaza. Charles Lindbergh, aliyeruka peke yake kutoka New York hadi Paris mwaka 1927 kwa saa 33 na nusu, alitoa kitabu mwaka huohuo bila kusimulia viumbe waliomsemesha ndani ya ndege. Alisubiri hadi 1953. Woga wa kuonekana mwendawazimu umetupotezea ushahidi mwingi. Ningependa waokoaji na madaktari wawaulize walionusurika mapema, kila mmoja peke yake kabla hawajasimuliana: ulihisi mtu? Alikuwa upande gani, alisema nini, alitoweka lini? Wakitaja upande mmoja na saa moja, mimi ninayeegemea ubongo nitakuwa na kazi ya kujieleza. Kila mmoja akiwa na wake, wanaoamini nao watakuwa na ya kwao.