Dirham 1,800 za Dubai: zitaitosha nyumba ya Fuoni?

Kijana wa jirani yangu hapa Fuoni, Unguja, alinijia baada ya Isha na karatasi mbili mkononi. "Ami, nisomee hii kabla sijatia saini." Ni mhudumu wa mkahawa katika hoteli moja ya Kiwengwa, ana mke na watoto wawili, na mama yake anaishi nao. Karatasi zinasema amepata kazi kama hiyo Dubai: dirham 1,800 kwa mwezi, mkataba wa miaka miwili. Sijafika ukurasa wa pili, yeye ameshapiga hesabu kwenye simu. Dola ikiwa shilingi 2,500, hizo ni milioni moja na laki mbili na ushei. Kwa sasa anapata laki nne, na bakhshishi.

Hesabu yake ni sahihi, lakini inalinganisha pesa itakayoliwa Dubai na pesa inayoliwa Fuoni. Mwajiri anatoa pa kulala na basi la kazini, ila chakula hakitajwi popote. Tukakaa na kalamu. Chakula tukakiwekea dirham 500, simu na intaneti 100, sabuni, nguo na dharura 200. Zikabaki 1,000 za kutuma, yaani kama shilingi 680,000, na gharama ya kutuma bado hatujaitoa.

Hata hivyo nasema wazi kwamba 680,000 si pesa ya kudharau. Katika laki nne za Kiwengwa, akishatoa nauli na matumizi yake, nyumbani hufika kama laki mbili na nusu. Mwezi wa Aprili na Mei, mvua za masika zikishika na wageni wakipungua, hoteli yao huwapa likizo isiyo na malipo na mke hukopa unga dukani. Wanaowaambia vijana "bakini, riziki ipo hapa hapa" wajibu kwanza juu ya miezi hiyo miwili.

Basi kwa nini sikumwambia aende?

La kwanza ni deni. Wakala anamtaka milioni tatu, "za viza na tiketi". Kwa kutuma 680,000 kila mwezi, zaidi ya miezi minne ya mwanzo ni ya kulipa deni tu, nyumbani hakuingii kitu. Tena sheria ya Imarati, nchi yenye Dubai, inataka gharama za kumwajiri mfanyakazi zibebwe na mwajiri. Anayekudai pesa ya viza ama anakutoza kisichokuhusu, ama hiyo viza si ya kazi. Wapo waliopelekwa kwa viza ya matembezi wakaambiwa "utabadilishiwa huko huko", na kazi kwa viza hiyo ni kosa linaloweza kumrudisha mtu nyumbani na deni lake.

La pili liko ukurasa wa pili, kwa maandishi madogo. Zile 1,800 zimegawanywa: mshahara wa msingi 1,000, posho 800. Kijana aliona ni mamoja. Si mamoja, kwa sababu kiinua mgongo huko hupigwa kwa mshahara wa msingi: siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo. Kwa msingi wa 1,000, miaka miwili inampa dirham 1,400. Kama zote 1,800 zingekuwa za msingi, angepata 2,520. Tofauti hiyo ni zaidi ya mwezi mzima wa pesa anazotarajia kutuma.

Kisha kuna shilingi yenyewe. Dirham imefungwa kwenye dola, haipandi wala haishuki. Inayoyumba ni yetu. Oktoba 2024 dola ilikuwa ikipita shilingi 2,700, na mwaka haujesha ikashuka hadi karibu na 2,400. Dirham 1,000 zilizokuwa zikifika kama shilingi 735,000 zikawa zinafika kama 653,000. Aliyeko Dubai hakukatwa hata dirham moja, na aliyeko Fuoni amepungukiwa elfu themanini.

Lakini gumu kuliko yote ni neno "familia". Mkewe aliuliza taratibu, kutoka mlangoni, kama watoto wataweza kumfuata. Jibu ni hapana. Imarati inataka mtu awe na mshahara wa dirham 4,000, au 3,000 pamoja na nyumba, ndipo awalete mke na watoto. Kwa hiyo kazi hii inaweza kulisha familia iliyobaki, haiwezi kukaa nayo. Na familia iliyobaki haitakuwa hii ya watu watano. Mtu akishavuka bahari simu huanza: bati la nyumba ya shangazi kule Wete, Pemba, ada ya binamu, hitma, arusi, nguo za Idi. Sisi tumelelewa kutoa, na silaumu. Ila nimewaona waliorudi baada ya miaka sita wakiwa wamewavisha wote na wao hawana hata msingi wa chumba.

Na huyu kijana ndiye anayempeleka mama yake kliniki ya sukari hospitali ya Mnazi Mmoja, ndiye anayepanda juu ya paa likivuja. Kazi hizo hazina mshahara mpaka siku utakapomlipa mtu azifanye.

Kwa dada zetu wanaokwenda kufanya kazi za ndani mizani ni nzito zaidi. Omani tuna damu na lugha yetu, na hilo hutufanya tuamini upesi. Lakini sheria mpya ya kazi ya Omani ya mwaka 2023 haiwahusu watumishi wa ndani, wakati Qatar tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara cha riyal 1,000 kwa mwezi kinawahusu nao. Mwaka 2017 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilitoa ripoti ya Watanzania waliofanya kazi hizo Omani na Imarati: pasi kuchukuliwa, mishahara kuzuiwa, saa za kazi zisizo na mwisho. Na mume aliyebaki huku asijione amesamehewa. Matunzo ya nyumba ni juu yake, na pesa ya mke ni ya mke. Mahkama ya Kadhi haitamwambia vingine.

Nilimwambia kijana rai yangu bila kuficha. Kazi hii inafaa kwa miaka miwili, kwa jambo moja analolitaja kabla ya kupanda ndege. Yeye ametaja vyumba viwili kwenye kiwanja cha marehemu baba yake. Inafaa iwapo ile milioni tatu itaondoka, mshahara wa msingi utapanda, chakula kitaandikwa, na mkataba utapita Kamisheni ya Kazi ya serikali kabla ya saini. Dada yake amekubali kumchukua mama siku za kliniki, kwa elfu hamsini kwa mwezi, na tumeziandika kwenye hesabu.

Wakala alijibu juzi. Msingi atauzungumza na mwajiri. Juu ya milioni tatu hajasema neno, na saini bado haijatiwa.