Albamu imezinduliwa Brockton na hakukuwa na mgeni wa heshima

Jumamosi iliyopita nilikuwa Brockton, hapa Massachusetts, kwa kanisa moja la Wahaiti, kwa uzinduzi wa albamu ya dada tunayefanya naye kazi wodi moja. Ni nesi kama mimi, RN, yaani nesi aliyesajiliwa, wa shifti ya usiku, na ni mwimbaji wa injili ambaye kwa Wahaiti wa huku, Mattapan, Randolph, Hyde Park, huhitaji kumtambulisha. Nikaketi, wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, na mimi kuna kitu nangojea na sijui ni nini, mpaka nikajishtukia kwamba nangoja MC aseme mheshimiwa yuko njiani. Hakukuwa na mheshimiwa. Hakukuwa na meza ya mbele yenye kitambaa cheupe na maji ya chupa, hakuna mtu wa kutangaza fulani na marafiki zake wametoa elfu hamsini kwa hivyo marafiki wasimame wapungie watu. Dada aliimba, pasta akaomba, tukateremka ukumbi wa chini tukala griot, nyama yao ya nguruwe ya kukaanga, na wali wa maharagwe na ile kachumbari yao kali ya kabeji wanaita pikliz, watu wakanunua albamu, tukaenda zetu. Nilifurahi mpaka nikakasirika.

Nimekasirika kwa sababu nyinyi mnajua zetu za Kenya zinavyokuwa. Posta ya uzinduzi, picha ya mwimbaji iko hapa, picha ya mheshimiwa iko hapa, na ya mheshimiwa ndiyo kubwa. Namba ya M-Pesa chini. Programu ni saa nane, mheshimiwa anaingia saa kumi na mbili, mwimbaji anakatwa katikati ya wimbo ili wageni wakaribishwe, na huo wimbo hataumaliza tena kwa sababu maiki imeshachukuliwa na siasa. Halafu wiki ijayo yule yule dada anaitwa mkutano wa hadhara kuimba, na hawezi kukataa, atakataaje na jana amepokea bahasha? Nimeimba kwaya Kakamega tangu nikiwa msichana, hizi bahasha nimeziona kwa macho yangu, sisimuliwi na mtu.

Sasa nikamuuliza huyu dada wa Haiti tukiwa kazini, studio ulilipiwa na nani, bendi je, video je? Akaniambia ovataimu. Basi, jibu ndilo hilo. Huku ukipitisha saa 40 kwa wiki kila saa ya ziada unalipwa mara moja na nusu, ni sheria yao ya tangu 1938, na RN wengi hapa Massachusetts wanapata zaidi ya dola 40 kwa saa hata kabla ya hiyo ovataimu. Kwa hivyo mtu anachukua shifti za ziada, anaweka kando, anaingia studio, akitoka hana deni la mtu. Akialikwa kuimba anaenda akipenda, asipopenda haendi. Siku moja nilimsikia kwa simu akimwambia mtu hapana, mara mbili, kwa upole, akakata simu akarudi kupima presha ya mgonjwa.

Msifikiri alishushiwa mana. Huyu ni mtu wa Léogâne, pale tetemeko la tarehe 12 Januari 2010 lilipopiga vibaya zaidi. Alikuwa tayari nesi kwao. Kule Port-au-Prince shule ya taifa ya manesi ilianguka siku hiyo na wanafunzi wakiwa ndani, na kati yao kulikuwa na watu aliowajua, hilo hulitaja kwa ufupi sana na mimi simuulizi zaidi. Alipofika huku cheti chake cha Haiti hakikumfaa kitu, akaanza chini kabisa kama CNA, msaidizi wa nesi, kuosha wazee, kubadilisha nepi, akasoma usiku, akawa LPN, nesi wa ngazi iliyo chini ya RN, ndipo akawa RN. Na kote huko alikuwa anaimba. Mpaka leo saa tisa usiku tukimgeuza mgonjwa, mimi nimeshika shuka upande huu yeye upande ule, anahesabu kwa Krioli, en, de, twa, tunamvuta, tunamlaza vizuri, tunamwekea mto mgongoni, na yeye anaendelea na wimbo pale pale alipouachia, kwa sauti ya chini ili asiamshe wengine.

Najua mnachosema. Ameenda majuu sasa ameanza kutufundisha. Nimesikia hiyo mara nyingi na inaniuma kwa sababu mimi sijasema huku ni mbinguni. Wahaiti wengi tunaofanya nao kazi wako kwa TPS, ile hifadhi ya muda waliyopewa baada ya tetemeko, inaongezwa kwa vipindi visivyozidi miezi 18 kila mara, halafu serikali ya Trump ikatangaza inaifuta, watu wakaenda mahakamani. Hebu fikiria unawapa wazee dawa usiku kucha na hujui mwaka ujao utakuwa nchi gani. Hiyo siisifu na sitaisifu. Na sijasema sisi hatujui kuimba! Kwa sauti tunawapita mbali, niseme ukweli hata huyo dada analijua, nilimwekea rekodi ya kwaya yetu ya nyumbani, soprano, alto, tena, besi, bila kinanda, bila maiki, akanyamaza kimya mpaka mwisho halafu akaniambia weka tena. Nilijisikia mrefu siku hiyo. Tatizo letu halijawahi kuwa sauti.

Wengine mtaniletea Maandiko, najua, mtasema Paulo mwenyewe aliwaandikia Wakorintho kwamba wanaohubiri Injili wapate riziki kwa hiyo Injili. Sawa, ni sura ya 9 mstari wa 14, lakini mbona mnafunga Biblia hapo? Mstari unaofuata anasema yeye hakuitumia haki hiyo, na kwenye Matendo 18 tunaambiwa alikuwa fundi wa mahema, akifanya kazi kwa mikono yake. Alikuwa na mahali pa kusimama wakati wa kumwambia mkubwa ukweli. Mwimbaji akilipwa na waumini kwa kazi yake mimi sina neno, alipwe, na mirabaha yake apewe yote. Neno langu ni juu ya mheshimiwa. Pesa ya mheshimiwa haiji kununua wimbo, inakuja kumnunua aliyeuimba.

Na kabla hamjasema naonea waimbaji, nisikilizeni vizuri, waimbaji siwalaumu hata kidogo. Nusu ya wale niliosoma nao unesi wana sauti kuliko mimi. Wako wapi? Kuna walioajiriwa kwa mikataba ya UHC, ule mpango wa serikali wa afya kwa wote, tangu 2020 wakangoja kuthibitishwa, mpaka 2025 wenzao wakaenda kukesha Nairobi nje ya Afya House, makao ya Wizara ya Afya, na mabango, manesi na maafisa wa kliniki, watu wazima wenye watoto wanalala kwa lami wakidai ajira ya kudumu. Mwaka 2017 manesi waligoma karibu miezi mitano, mnakumbuka wodi zilivyokuwa. Na 2021 serikali yetu ikasaini mkataba na Uingereza wa kupeleka manesi huko, yaani tunao wa kutosha kuwauza nje lakini hatuna pesa ya kuwaajiri Malava, kule Kakamega. Sasa huyo nesi mwenye sauti, ambaye hana mshahara au una miezi haujaingia, mheshimiwa akija na bahasha utamwambia akatae? Akatae ale nini? Ndiyo maana nabishana. Dada wa Brockton si mtakatifu kuliko wetu. Ana payslip.

Kuna atakayesema basi wewe kaa na dola zako, sisi tuache na wageni wetu wa heshima, ni utamaduni wetu. Huo utamaduni ni wa nani? Nyanya yangu aliimba kanisani maisha yake yote na sijawahi kusikia mbunge alikatiza wimbo wake. Na si kwamba haiwezekani kukataa, Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alirudisha pesa ambazo Rais Ruto alikuwa ametoa kwa parokia ya Soweto, Kayole, na kati ya hizo zilikuwemo za kwaya. Za kwaya! Nilisoma ile taarifa nikiwa kwa basi la asubuhi natoka kazini nikapiga makofi peke yangu, mama wa Kireno aliyekaa karibu akanitazama. Mimi si Mkatoliki lakini siku hiyo nilitembea kama ni mimi niliyezirudisha.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba mimi nina nyumbani pa kurudi na yeye kwa sasa hana. Ndege za Marekani ziliacha kutua Port-au-Prince tangu Novemba 2024 zilipopigwa risasi, na mamake alipofariki Léogâne alifuatilia mazishi kwa WhatsApp, intaneti ikikatika kila mara, na jioni ile akaja kazini. Aliniuliza kuhusu polisi wetu wa Kenya walioenda kwao kupambana na magenge, wakoje, ni watu wazuri? Kundi la kwanza lilitua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024, na mnajua siku hiyo hiyo nini kilikuwa kinaendelea Nairobi nje ya Bunge, vijana waliokuwa wakiandamana wakipigwa risasi na polisi. Nilikuwa na fahari na nilikuwa na hasira na sikuwa na namna ya kumweleza vyote viwili, nikamwambia wengi wao ni watoto wa watu kama mimi, waombee. Akasema huwa anawaombea. Mtu wa namna hiyo, ambaye nchi imemponyoka mikononi, bado albamu yake haina alama ya kidole cha mwanasiasa, na sisi wenye uwanja wa ndege na amani na sauti nne tunangojea gari jeusi lifike ndipo tumsifu Mungu. Mnataka nisikasirike?

Wiki hii kwaya ya nyumbani imeniandikia. Wanarekodi, wanataka kinanda, na barua imetaja kwamba kamati inafikiria kumwalika mheshimiwa awe mgeni wa heshima ili "atupige jeki". Nimemjibu mwalimu wa kwaya, nikamwita mwalimu kwa heshima zote kwa sababu ndiye aliyenifundisha alto, nikamwambia nusu ya kinanda nitalipa mimi kwa ovataimu ya mwezi huu na ujao, nusu kwaya ichange hata kama ni mia mia, na watoto wa kwaya ambao ni manesi bila kazi wasichange, wao waimbe tu. Sharti langu ni moja, ile barua ya mwaliko isitoke. Nikamwambia pia Desemba nitakuwepo, nitapika kwa ajili ya watu wote watakaokuja uzinduzi, wali, kuku, chapati, na hatutasubiri mtu. Bado hajanijibu. Najua wako kwa grupu wanabishana, na kuna mjumbe mmoja wa kamati ameshaandika kwamba dola zimeniharibu. Nimesoma, na pesa ya kinanda nimeshaanza kuiweka.