Baba Neema Atatupa Neno Fupi

Kuna aliyezaliwa na sauti ya kuimba, kuna aliyezaliwa na mkono wa kupika. Mimi nilizaliwa na koo la kukohoa. Nikikohoa mbele za watu, watu hunyamaza, wanageuka, wanakaa vizuri kwenye viti, wakidhani kuna jambo zito linakuja. Ndilo lililoniponza.

Ilikuwa Krismasi, nyumbani kwa mama mkwe, Pongwe ya Tanga, miaka saba iliyopita. Shemeji yangu mdogo ndiye aliyekata kachumbari, na yule mtoto akishika pilipili haungi, anakomoa. Kipande kikanipalia. Nikakohoa. Uwanja mzima kimya! Hata watoto waliokuwa wakigombea soda ya machungwa wakaacha. Natazama huku, macho. Natazama kule, macho. Sasa mtu mzima, mkwe wa watu, utasema nini? "Samahani, ni pilipili"? Nikasimama, nikasema nashukuru sana kwa siku ya leo, mama Mungu akuzidishie umri. Wakapiga makofi. Nikaketi, nikaomba maji.

Basi. Toka siku hiyo ni msemaji wa familia, tena wa maisha. Hakuna aliyenichagua, hakuna uchaguzi mwingine uliotangazwa, na nikijaribu kujiuzulu wanasema "Baba Neema naye kwa utani!" Ikifika Krismasi shemeji mkubwa, yule wa Dar, anashika maiki kwa vidole viwili kama ameshika kikombe cha chai, anasema: "Na sasa, kabla hatujaenda kwenye lile zoezi mnalolisubiri, Baba Neema atatupa neno fupi."

Mimi nauliza, lini katika nchi hii neno fupi liliwahi kuwa neno, au kuwa fupi? Anzeni kuhesabu. Ile familia ni mchanganyiko wa kila aina. Mama mkwe mwenyewe ni Mbondei, Mwanglikana wa Magila, hachezi na kitabu chake cha sala. Mke wangu nimemhamishia Katoliki. Shemeji mdogo ameokoka, na ameokoka kwa sauti kubwa. Shangazi yao ni Msabato, ambaye kila mwaka anatukumbusha kwamba Biblia haikutaja tarehe 25 Desemba popote, ingawa pilau ya tarehe hiyo sijaona ameirudisha. Majirani ni Waislamu, wamekuja na kanzu zao safi na sahani ya mkate wa mayai imefunikwa kawa. Sasa mimi nisimame niseme "habari zenu" tu? Nitaishi wapi?

Kwa hiyo naanza. Tumsifu Yesu Kristo! Upande wa mke wangu: milele na milele, amina. Bwana Yesu asifiwe! Shemeji mdogo: aaamina, halafu anaongeza haleluya mbili zisizoombwa. Asalaam aleykum! Mzee jirani na wanawe: waaleykum salaam. Wazee shikamooni! Marahaba, lakini babu mmoja hakusikia, inabidi irudiwe. Vijana mambo! Hawa ndio wanaitikia haraka, kwa sababu wana njaa. Kisha mama mkwe peke yake, wajomba kwa ukubwa wao, wageni kutoka Dar, wageni kutoka Muheza, mtendaji wa mtaa ambaye hatukumwalika ila harufu imemwalika. Nikifika "itifaki imezingatiwa" jasho limeshashuka mpaka kwenye soksi, na ndafu aliyoileta mke wa shemeji, Mchaga wa watu, imeshapoa mgongo. Huyo dada naye ana yake. Desemba Wachaga wenzake wote wamepanda Moshi, yeye yuko Pongwe anapepea nzi. Anatusamehe, lakini haachi kuhema.

Na mjue nimevaa nini wakati huo. Familia ina sare. Kila Oktoba grupu la WhatsApp linaamka, linachagua kitenge, linachangisha, linagombana, mweka hazina anajitoa kwenye grupu, anarudishwa. Kitenge kinakwenda kwa fundi Ngamiani. Mafundi cherehani wa Desemba mnawajua. Ukienda tarehe 10 anakwambia njoo tarehe 15. Tarehe 15 anakwambia imebaki vifungo tu. Tarehe 23 unamkuta ndiyo kwanza anachukua mkasi, anakutazama kifuani anasema, "Ulisema shingo ngapi vile?" Mwaka jana shati langu lilikuja na kola ya mtoto wa darasa la nne. Nikifunga kifungo cha juu nakuwa na sauti ya kuku. Nikikifungua, mke wangu ananikazia jicho kutoka jikoni.

Tena ni kaskazi, Desemba ya pwani. Bahari yote ile iko pale, upepo upo, lakini ukisimama chini ya turubai la bluu uwanjani kwa mama mkwe unajiona uko ndani ya kitumbua. Pembeni kuna mti wa Krismasi, tawi la mvinje limechomekwa kwenye ndoo ya mchanga, limepambwa puto na pamba ya duka la dawa. Pamba ndiyo theluji. Kuku anakuja anaidonoa.

Kuna kijana wetu mmoja anasoma chuo, akaniona nahangaika, akanifunulia simu. "Baba mdogo, hata Mfalme George V wa Uingereza alikuwa anatoa neno la Krismasi. Alianza mwaka 1932, kwenye redio." Nikamwambia nisomee. Kumbe alikaa chumbani kwake Sandringham, saa tisa alasiri, akazungumza na dola yake yote, na sisi Tanganyika tukiwa chini yake wakati huo, na hata dakika tatu hazikufika akamaliza. Na maneno yenyewe hakuyaandika yeye, aliandikiwa na Rudyard Kipling, yule mwandishi wa vitabu! Sasa nilinganisheni na mimi. Mfalme yuko chumbani peke yake, kaandikiwa, hakuna mtoto anayelilia paja la kuku mbele yake, hakuna maiki inayopiga mluzi, hakuna mama mkwe kwenye kiti cha mbele. Mimi mtunza stoo wa vifaa vya umeme, niandike mwenyewe, nisome mwenyewe, nitoe jasho mwenyewe.

Ndipo nikafanya nililolifanya. Naomba msinihukumu upesi.

Niliandika hotuba moja. Moja tu, kwenye karatasi ya daftari la stoo, nikaikunja mara nne nikaiweka kwenye Biblia, na kila Krismasi naitoa. Ina mambo manne. Kushukuru. Kuwakumbuka waliotangulia, hapo sauti inashuka kidogo. Kuwaasa vijana waache simu, ambao wakati huo wananirekodi kwa hizo hizo simu. Na mwisho ahadi, maana hotuba bila ahadi Tanzania haipigiwi makofi. Ahadi yangu ni hii: "Na mwakani, Mungu akipenda, lile bati la mama tutalibadilisha." Hapo vigelegele. Mama mkwe anatikisa kichwa taratibu, anarekebisha mtandio.

Bati lenyewe ni la juu ya baraza, kwenye kona ya jikoni. Limekula kutu mpaka usiku unaona nyota. Mvua za vuli zikinyesha, mama anatega ndoo nyeupe ya rangi. Ndoo ile naifahamu kama ninavyofahamu watoto wangu. Maji yanadondoka to, to, to, na sisi tumekaa pembeni yake tunakunywa chai, kila mtu anaiona, kila mtu anasogeza kiti kidogo.

Kwamba natoa hotuba ile ile, hakuna aliyewahi kugundua. Kwa nini agundue? Watu wanataka neno litolewe, hawataki kulisikia. Neno ni kama kunawa mikono, ukishanawa unaruhusiwa kula. Nimewahi kuruka ukurasa mzima nikafika kwenye amina, mjomba akanifuata baadaye akaniambia leo umezungumza kwa kina.

Krismasi iliyopita ndiyo yaliyonikuta. Wageni wengi kuliko miaka yote. Wametelemka kutoka Dar kwa njia ya Segera, wawili wawili kwenye siti moja, na wote wanasema watalala siku mbili tu. Tanga wanasema waja leo waondoka leo. Wale walikuja tarehe 20 Desemba, na tarehe 3 Januari nilikuwa bado napanga foleni ya choo nyumbani kwangu, nimeshika taulo, nawaza ada za shule. Walipoondoka waliondoka na machungwa ya Muheza, nazi, samaki wa kukaanga na chaja yangu ya simu.

Tuyaache hayo. Shemeji mkubwa akawa anatengeneza maiki, inakoroma. Ili watu wasichoke akasema, tumpe nafasi mtoto mmoja atusomee shairi. Akasimama binti wa shemeji mdogo, miaka tisa, gauni jekundu limenunuliwa kubwa makusudi ili lifike Pasaka, soksi nyeupe, nywele zimebanwa mpaka macho yamepanda. Akaipokea maiki. Akaacha kidogo.

Akakohoa.

Jamani, ule haukuwa mkohoo wa mtoto. Ulikuwa wangu. Ile ya kwanza kavu, ile ya pili ya kusafishia njia, na mkono kifuani. Uwanja kimya. Kisha akaanza: tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe, asalaam aleykum, shikamooni, mambo. Watu wakaitikia zote! Akasema itifaki imezingatiwa. Akashukuru. Akawakumbuka waliotangulia, sauti akaishusha palepale ninaposhusha mimi. Akawaasa vijana waache simu. Hakukosa neno hata moja, hata pale ninapoteleza kila mwaka nikisema "mshikamano na umoja na mshikamano," na yeye akateleza vilevile. Mzee jirani alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kanzu. Mke wangu alikuwa ameingia jikoni, akatoka na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, akanitazama. Nilitamani ile ndafu inifiche.

"Na mwakani," mtoto akasema, "Mungu akipenda, lile bati la bibi tutalibadilisha."

Na watu, kwa mazoea, wakapiga vigelegele.

Aliyenyamaza ni mmoja. Mama mkwe alikuwa ametulia, mikono juu ya mapaja, hacheki wala hakunji uso. Shemeji mkubwa, ambaye akishashika ratiba hata nyumba ikiungua anaifuata, akachukua maiki akasema, "Ahsante sana mwanetu kwa shairi zuri. Na sasa Baba Neema atatupa neno fupi."

Nikasimama. Karatasi iko mkononi, imekunjwa mara nne. Nifanye nini nayo? Kitu kimeshasomwa, tena na aliyenizidi. Nikafungua mdomo, na kabla sijasema chochote mama mkwe akanyoosha mkono kuomba maiki. Yule mama hajawahi kushika maiki maisha yake yote. Aliishika mbali kidogo na uso, kama anashika samaki.

"Mkwe wangu," akasema, polepole, kwa ile adabu yao inayokata kuliko kisu, "tunashukuru kwa neno lako. Mwaka huu tumelipata mapema. Mimi sina la kuongeza. Nilikuwa nauliza tu, hilo bati, ni mwakani wa mwaka gani?"

Ukumbi wa turubai ukawa kama kanisani Ijumaa Kuu. Hata kuku aliacha pamba.

"Kesho, mama," nikasema.

Ndilo neno fupi pekee nililowahi kutoa katika familia ile. Na ndilo lililonigharimu kuliko yote.

Kwa sababu kesho yake ni tarehe 26, sikukuu, maduka ya vifaa yamefungwa. Nilidhani Mungu amenifungulia mlango wa kutokea. Nikaanza kukohoa kidogo nikieleza hali ya maduka. Mzee jirani, Mungu ampe kheri huko huko aliko, akasema, "Hilo lisikupe tabu, mwanangu. Mwenye duka ni mtoto wa dada yangu, nampigia sasa hivi." Saa tatu asubuhi guta liliingia uwanjani na mabati manne yanapiga kelele kama tarumbeta.

Saa sita za mchana nilikuwa juu ya paa la mama mkwe wangu nimevaa bukta. Mnaelewa ukubwa wa jambo hilo? Mtu unayepaswa kumwamkia kwa kuinama, na sasa akiinua macho anaona nyayo zako. Mama alijifunika mtandio uso mzima kwa heshima, akageuzia kiti upande wa barabara, lakini hakuondoka. Alikuwa anahesabu nyundo kwa masikio. Bati la zamani lilikatika mikononi kama biskuti. Jipya lilikuwa la moto, ukiliegemea linakuacha na alama ya mikunjo. Shemeji mkubwa ameshika ngazi, na toka aishike hajaacha kutoa ushauri. "Sogeza kushoto. Siyo huko, kushoto kwangu." Shemeji mdogo anaimba pambio. Shangazi Msabato amekaa kivulini na sahani ya pilau la jana, anasema yeye angefanya jambo hili siku ya kazi.

Na yule binti wa gauni jekundu yuko chini kabisa, ananikabidhi kofia za misumari moja moja, ananitazama kwa makini sana. Nikajua ananisoma tena.

Nilikuwa nagongelea bati la mwisho niliposikia maiki ikikoroma. Wameiwasha tena, tarehe 26, mchana kweupe.

"Ndugu zangu," ilikuwa sauti ya shemeji, kumbe ngazi ameiacha yenyewe, "Baba Neema akishashuka, kabla hatujanywa chai, atatupa neno fupi la kuzindua bati."

Sikuweza kujibu. Mdomoni nilikuwa na misumari saba. Na koo likaanza kuwasha.