Tutazame Ndani Kwanza, Ndipo Tulipe

Fundi akikwambia njia za hewa za nyumba yako zimejaa uchafu, mwambie akuonyeshe. Vumbi alilopangusa kwa kidole kwenye grili, ule wavu wa kutolea hewa chumbani, halitoshi, wala picha ya nyumba nyingine aliyonayo kwenye simu. Akuonyeshe ndani ya bomba lako wewe, kwa kamera, nawe umesimama hapo chini ya ngazi. Naushikilia msimamo huu kwa sababu nimeona watu hapa Malindi wakilipia usafi usiohitajika, na wengine wakisafishiwa mabomba huku tatizo lenyewe likibaki palepale.

Nyumba nyingi za Shela, Barani au Maweni zenye viyoyozi zina vile vya ukutani, na hizo hazina dakti, yaani mabomba ya kupitishia hewa. Nazungumza na wanaosimamia nyumba kubwa za kando ya bahari, kuanzia Casuarina hadi Mayungu, na hoteli ndogo ambako mtambo mmoja hupoza vyumba vingi na baridi hupita kwenye mabomba juu ya dari. Nyingi kati ya nyumba hizi hujaa wageni Desemba, kisha masika yakikaribia hufungwa. Miezi inapita mtambo umezimwa, madirisha yamefungwa, unyevu umetulia ndani.

Hapa pwani maji yanatusumbua kuliko vumbi. Hewa yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa matone ikigusa kitu chenye nyuzi 25 au chini ya hapo. Baridi inayotoka kwenye koili ya kiyoyozi, yale mabomba membamba yanayopoza hewa, huwa na nyuzi 12 hadi 15 hivi. Bomba linalobeba baridi hiyo linapita darini, chini ya mabati au makuti, mahali penye joto kuliko sebuleni. Likivalishwa vizuri pamba ya kuzuia joto halina shida. Lakini panya akitoboa lile ganda la nje, au fundi wa umeme akilichana akivuta nyaya zake, pale penye tundu bomba linatoka jasho kila mtambo unapowashwa. Pamba inalowa, haikauki, kuvu inaota. Chini yake linatokea doa la kahawia kwenye dari, na watu wanapanda juu ya paa kutafuta panapovuja. Paa zima linaweza kuezekwa upya na doa likarudi.

Kamera inayoweza kumaliza ubishi kuhusu hali ya ndani ya bomba ni kitu kidogo tu: jicho jembamba kuliko kidole, vitaa vidogo pembeni yake, na waya unaounganishwa na simu. Unafungua skrubu za grili na kuuingiza polepole. Mabomba laini yenye mikunjo huukwamisha, kwa hiyo fundi mzuri huingilia upande wa chumbani na upande wa mtambo pia. Utaona kiungo kilichoachana, baridi yote ikimwagika darini huku bili ya stima ikipanda. Utaona mavi ya panya, mayai ya mijusi, mchanga na vipande vya mbao walivyoacha wajenzi, kutu iliyoletwa na chumvi ya bahari. Mara nyingine utaona vumbi jembamba tu la kawaida, na hilo si sababu ya kumwita mtu na mashine.

Shirika la kulinda mazingira la Marekani, EPA, limeliweka wazi jambo hili: haijathibitika kwamba kusafisha dakti huzuia maradhi, na halishauri kusafisha kwa mazoea. Linataja hali tatu zinazostahili: kuvu nyingi inayoonekana, panya au wadudu, na uchafu mwingi kiasi cha kuziba njia au kupeperushwa vyumbani. Linasema pia kwamba pamba ya dakti ikishalowa au kuota kuvu haisafishiki ipasavyo, hubadilishwa. Hakuna hata moja kati ya hayo unayoweza kuijua ukiwa umekaa kitini.

Kamera nayo ina mipaka yake. Inaona weusi, haiwezi kukwambia kama weusi huo ni kuvu au masizi. Hilo ni kazi ya maabara. Na bomba safi si ushahidi kwamba koili ni safi, ndiyo maana ukaguzi uanzie kwenye mtambo wenyewe: koili, filta, na trei inayokinga maji yanayodondoka kwenye koili.

Msimamizi mmoja aliniuliza, "Dada, fundi ameshasema ni chafu. Mimi nitambishia nini?" Nikamjibu, "Kaka, usimbishie. Mwambie aanze kurekodi akiwa chumbani, kitanda na grili vionekane, kisha aingize kamera bila kukata picha. Akimaliza kusafisha, apite njia ileile tena." Video mbili kama hizo zikimfikia mwenye nyumba aliye Milano au Nairobi, hana la kuuliza.

Mafundi wananiambia ukaguzi unakula muda na wateja hawataki kuulipia. Wana haki ya kulalamika, na hapa lawama naiweka kwetu wateja. Tumezoea kutaka ukaguzi wa bure, halafu tunashangaa kila ukaguzi unapoishia kwenye kazi ya kusafisha. Fundi aliyepanda ngazi bila malipo atarudishaje nauli yake asipokuta uchafu? Tumlipe kwa kutazama, bei ijulikane kabla hajapanda, na alipwe hiyohiyo akikuta pasafi au pachafu. Kisha kama kuna kazi, tuijadili peke yake. Ningependa vijana wanaosomea ufundi wa viyoyozi hapa Kilifi wafundishwe kukagua kama kazi kamili, yenye ripoti na malipo yake.

Kwa nyumba zinazofungwa wakati wa masika, wakati mzuri ni Machi, kabla wenyewe hawajaondoka, maana mtambo bado unafanya kazi na palipolowa panaonekana. Kagueni pia bomba la kutolea maji ya trei, limwage nje bila kuziba. Na anayebaki na funguo aachiwe ruhusa, pamoja na hela ya stima, ya kufungua madirisha siku za jua na kuwasha mtambo mara kwa mara hadi wageni warudi.